Vifungo na Vifungu

Nauza vifungo. Vya mfupa, vya shaba, vya ganda la chaza,
vya makoti ya mabaharia wa Ziwa Superior
ambao hawayahitaji tena.
Navianika mtandaoni, picha moja moja,
na mtu wa Oslo hununua sita kwa dola tisa.
Kampuni hupokea, hukata chake, hunitupia kilichobaki.
Sina ugomvi na hilo. Mkono upitishao pesa huacha jasho.

Ugomvi ni simu.

Alfajiri ya Duluth, barafu imeng'ata madirisha,
birika mkononi, na hiyo: kriii!
"Hujambo, Edithi."
Mimi ni Ardith. Nimeendesha basi la shule miaka ishirini na saba,
na watoto wenye mapengo walilitamka bila kujikwaa.
Sauti tamu, utamu wa kopo,
sauti isiyomeza mate.
Bonyeza moja upate mkopo. Bonyeza mbili usikie tena.
Tatu hakuna. Nimeitafuta hiyo tatu
kama mtu apapasaye mlango kwenye ukuta mtupu.

Siku niliyomngoja daktari wa dada yangu
ilipiga mara saba.
Mara saba moyo ulinitangulia mezani.
Ya nane niliikata.
Ya nane alikuwa daktari.

Ndipo nikayasoma masharti. Usiku kucha, miwani juu ya miwani,
herufi kama mayai ya chawa, kurasa arobaini na moja,
na huko chini, kifungu cha kumi:
kwa kutumia huduma hii umeridhia tukupigie, kwa mashine,
kwa namba uliyotupa
au tuliyoipata kwa njia nyingine.
Njia nyingine! Mtaani kwetu
aingiaye kwa njia nyingine huitiwa polisi.
Na kunyamaza kwangu, kinasema, ni kukubali.
Kumbe nilikuwa nikitia saini usingizini.

Nikachukua karatasi, nikaandika yangu, kwa wino.

Kifungu cha kwanza: apigaye namba hii ameridhia
kusikiliza habari za vifungo, tangu enzi za bibi yangu, bila kukata.
Cha pili: atapiga kwa mdomo wake.
Cha tatu ni ile tatu mliyoninyima.
Cha tisa (nimeruka, nanyi pia mwaruka):
kunyamaza kwenu ni kukubali.
Nikalamba stempu, nikasahau.

Siku ya kumi na tisa, adhuhuri, simu.
"Bi Lindqvist? Bi Ardith Lindqvist?"
Kalitamka sawasawa. Nikazidi kushuku.
"Naitwa Tobin Kessler. Mimi hufungua barua, hapa Omaha.
Siku hizi haziji nyingi. Yako nimeisoma yote."
Kohoa, nikamwambia.
"Samahani?"
Kohoa.
Akakohoa, kikohozi cha mafua, chenye aibu.
Mashine nazo zitajifunza hilo, nikasema. Shati lako lina vifungo vingapi?
Kimya. Nikasikia kidole kikishuka kifuani.
"Sita. Hapana, vitano. Cha pili kimekatika."
Rangi?
"Kama maziwa yaliyodondokewa chai."
Matundu?
"Manne."

Kunifuta orodhani hakuweza. Ufunguo huo, alisema,
anao mtu ambaye yeye mwenyewe hajui namba yake.
Chakula chake cha mchana kilikuwa kinapoa.
Nikamsomea kifungu cha kwanza, nikamwambia na kisa cha shaba
na cha mjane wa Two Harbors aliyeuza koti akabaki na kola.
Hakukata.

Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi: kriii!
"Hujambo, Edithi."
Nikailaza simu mezani izungumze na birika,
nami nikaendelea kupekua kopo hadi vidole vikanuka shaba.
Kikaja: mfupa, matundu manne, maziwa na tone la chai.
Bahasha. Stempu. Omaha.
Kwenye stakabadhi, pale pa bei,
nikachora kifungo.